Jina Liingie Kwenye Bima Kabla ya Homa ya Kwanza

Mfanyakazi anakatwa bima ya afya kila mwezi tangu alipoanza kazi. Anaoa, cheti cha ndoa hakifiki ofisini. Anapata mtoto, tangazo la kizazi linabaki kabatini pamoja na kadi ya kliniki. Siku ya tano mtoto anageuka manjano, macho hadi nyayo, ananyonya kwa shida. Wanakimbilia hospitali ya misheni iliyo karibu, na daktari anataka mtoto alazwe chini ya taa usiku huohuo. Dirishani mhudumu anaingiza namba ya uanachama, anaona jina la baba peke yake, kisha anasema: "Mtoto hayumo. Huyu mtamlipia taslimu."

Mhudumu hana kosa. Mfuko wa bima haujui kwamba umeoa wala kwamba umezaa. Unamjua mtu aliyeandikwa, na unaanza kumjua tarehe jina lake lilipoingia. Kwa hiyo kazi ya kuandikisha familia ni ya siku za afya njema. Ikiachwa hadi mgonjwa yuko mapokezi, mara nyingi imeshachelewa. Makala hii inaeleza namna ya kuifanya mapema, hasa kwa wafanyakazi wa Tanzania Bara. Wasomaji wa kwingine nao watapata la kuchukua.

Jua kwanza uko kwenye mpango gani

Mipango ya waajiri wetu ni ya aina tatu, na kila mmoja una kanuni zake.

Wa kwanza ni Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa umma. Mtumishi wa umma huchangia asilimia 6 ya mshahara wa msingi: asilimia 3 inatoka kwake na asilimia 3 kwa mwajiri. Mchango huo unapimwa kwa mshahara, haupimwi kwa idadi ya watu nyumbani. Mtumishi mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 800,000 huchangiwa shilingi 48,000 kwa mwezi, nusu yake ikitoka mfukoni mwake. Kwa mwaka ni shilingi 576,000. Kapera na baba wa watoto wanne wenye mshahara huo wanalipa sawasawa. Mwenye familia asiyeiandikisha hajaokoa hata senti. Amelipia haki ambayo hakuichukua.

Wa pili ni bima ya kampuni binafsi, ambayo mwajiri huwanunulia wafanyakazi wake kwa pamoja. Hapa ada huhesabiwa kwa kila kichwa, kwa hiyo mkataba unataja idadi. Katika ofisi nyingi utasikia watu wakisema "M+1" au "M+3", yaani mfanyakazi pamoja na mtu mmoja, au pamoja na watu watatu. Muulize afisa rasilimali watu: mimi niko daraja gani? Nikitaka kuongeza mtu juu ya idadi hiyo, naweza kukatwa ada yake kwenye mshahara? Kikomo cha matibabu kwa mwaka ni cha kila mtu, au familia nzima inachota kwenye chungu kimoja? Swali hili la mwisho lina uzito, kwa kuwa kikomo kikiwa kimoja, upasuaji wa mtu mmoja unaweza kumaliza fedha za wote.

Wa tatu ni mwajiri asiye na bima, anayelipa hospitali moja kwa moja kwa fomu ya matibabu. Hata huko kuna orodha ya watu wanaotambuliwa, na asiyekuwemo hapati fomu.

Nafasi chache, familia kubwa

NHIF humhudumia mwanachama, mwenza wake na wategemezi wengine wanne, jumla watu sita. Wategemezi hao ni watoto walio chini ya miaka 18, au hadi miaka 21 kama bado wanasoma, na wazazi wa mwanachama au wa mwenza wake. Mikataba mingi ya kampuni binafsi huishia kwa mwenza na watoto, wazazi hawamo.

Nafasi nne hazitoshi katika familia zetu. Kuna watoto watatu, mama mzazi mwenye kisukari, na baba mkwe anayemeza dawa za presha kila siku. Ushauri wangu ni kwamba mke na mume wakae chini walizungumze waziwazi, kwa sababu orodha anayojaza mmoja peke yake hugeuka ugomvi siku mzazi wa upande wa pili anapolazwa. Jiulizeni mambo mawili. Nani hana kinga nyingine yoyote? Na nani anahitaji matibabu ya mara kwa mara, ambayo mkiyalipa taslimu yatawamaliza?

Mke na mume wakiwa wote wameajiriwa na wote wanachangia, kila mmoja ni mwanachama kwa jina lake. Hakuna haja ya kujazana kwenye orodha ya mmoja huku ya mwenzake ikiwa tupu. Nendeni kwa afisa utumishi mkaone namna ya kuwagawa watoto na wazazi katika orodha mbili.

Wapo wanaosema mtoto mdogo hahitaji bima, kwani watoto walio chini ya miaka mitano hutibiwa bila malipo. Ni kweli sera ya afya imewasamehe watoto hao pamoja na wajawazito. Ila msamaha huo ni wa vituo vya serikali, na dawa ikikosekana pale dirishani utaandikiwa ukanunue nje. Bima inakufungulia pia hospitali za misheni, za binafsi na maduka ya dawa yaliyosajiliwa na mfuko wako. Usiku wa manane, kituo cha karibu kikiwa si cha serikali, utaona tofauti.

Karatasi zinazotakiwa

Kwa mwenza kinatakiwa cheti cha ndoa. Walioishi pamoja miaka mingi bila kufunga ndoa hukwama hapa, na waliofunga ndoa kanisani au msikitini bila kufuatilia cheti nao hukwama. Fuatilia cheti chako wiki za mwanzo baada ya harusi, wakati mashahidi bado wapo na daftari la mfungishaji halijajaa vumbi. Kisha kipeleke ofisini mara moja. Usingoje mkeo awe na mimba ya miezi minane, kwa kuwa mikataba mingi ya kampuni binafsi ina kipindi cha kusubiri kabla ya kulipia uzazi. Mwenye wake zaidi ya mmoja aulize mapema mpango wake unawatambua vipi, asije akaahidi nyumbani jambo ambalo ofisini halipo.

Kwa mtoto kinatakiwa cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi. Safari ya cheti hicho huanzia kwenye tangazo la kizazi linalotolewa hospitalini. Mtoto aliyezaliwa nyumbani hupata tangazo lake kwa mtendaji wa kijiji au wa kata. Sheria inataka kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90. Kwa walio chini ya miaka mitano, RITA imeshusha usajili hadi ofisi za kata na vituo vinavyotoa huduma za mama na mtoto, na cheti hutolewa bila malipo. Uliza wodini kabla ya kuruhusiwa kama wanasajili palepale.

Kwa mzazi wako, karatasi inayohitajika ni cheti chako wewe cha kuzaliwa, na wengi hilo huwashangaza. Jina la mama au baba lililoandikwa kwenye cheti chako ndilo linalothibitisha kwamba huyo ni mzazi wako. Kwa baba mkwe au mama mkwe kinatakiwa cheti cha kuzaliwa cha mwenza wako. Watu wazima wengi waliozaliwa vijijini hawana cheti, na kusajili kizazi cha miaka mingi iliyopita huchukua muda: utaulizwa cheti cha shule, cha ubatizo, au hati nyingine ya zamani yenye jina na tarehe yako. Kama una mzazi wa kuandikisha na cheti huna, anza na cheti leo, hata kama mzazi bado anapanda mlima na jembe begani.

Kwa mtoto wa kuasili inatakiwa amri ya mahakama. Nalisisitiza hili kwa sababu nyumba zetu zimejaa watoto wa dada aliyefariki na wa kaka aliyepotea mjini, watoto tunaowaita wetu na ambao kweli ni wetu. Bima haiwahesabu kwa upendo huo. Barua ya mwenyekiti wa mtaa husaidia kwa mengi, lakini haimfanyi mtoto kuwa wako kisheria. Nenda kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako akueleze njia ya kufuata. Wakati shauri linaendelea, mtafutie mtoto huyo kinga nyingine inayopatikana.

Pamoja na hizo, andaa picha za pasipoti, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) ya kila mtu mzima na nakala ya hati yako ya mshahara ya karibuni.

Herufi moja inaweza kukurudisha nyumbani

Kosa linalokwamisha fomu nyingi ni majina yasiyooana. Weka mezani kitambulisho chako cha NIDA, hati ya mshahara, cheti cha ndoa na tangazo la kizazi la mtoto. Soma jina lako kwenye kila karatasi, herufi kwa herufi. Kwenye NIDA ni Athumani, kwenye mshahara ni Othman, na nesi aliyekuwa na wazazi kumi na wawili usiku ule ameandika Uthmani. Nyumbani huyo ni mtu mmoja. Kwenye mfumo wa kompyuta wanaweza kuwa watatu, na mtoto wa Uthmani akakataliwa kwenye orodha ya Athumani.

Dawa yake ni rahisi ikifanywa mapema. Mama akienda kujifungua, begi libebe pia nakala za vitambulisho vya wazazi wote wawili, na anayemsindikiza aombe jina linakiliwe kutoka kwenye kitambulisho, lisitajwe kwa mdomo. Tangazo likitoka lisomwe kabla ya kuondoka wodini: jina la baba, jina la mama, jinsi ya mtoto, tarehe. Kurekebisha pale ni kazi ya dakika chache. Cheti kikishachapishwa, ni safari nyingine ya RITA. Tofauti ikiwa ya zamani, kama mke aliyebadili jina baada ya ndoa, onaneni na wakili kwa ajili ya kiapo na mkiambatishe kwenye fomu tangu mwanzo.

Kuna pia suala la jina la mtoto mwenyewe. Wengine wanasubiri akika siku ya saba, wengine wanasubiri neno la babu kutoka kijijini. Subirini kwa heshima zote, ila jina likishakubaliwa liwe ndilo hilo kwenye cheti, kwenye bima na baadaye shuleni. Mtoto aliyeandikwa kwa jina moja RITA na kwa jina jingine kwenye bima atasumbuka nalo kwa miaka.

Kalenda ya mtoto mchanga

Mimba ikiwa ya miezi sita au saba, nenda ofisini ukaulize mambo matatu. Mtoto mchanga anahudumiwa kwa bima ya mama kwa siku ngapi kabla ya kuhitaji jina lake mwenyewe? Fomu ya kumwongeza ni ipi, na inasainiwa na nani? Je, tangazo la kizazi linapokelewa kwa muda wakati cheti kinashughulikiwa? Chukua fomu hiyo kabisa, ujaze sehemu zako na mwajiri asaini sehemu yake kama inawezekana. Mtoto akizaliwa, ibaki kuongeza jina na tarehe tu.

Kisha itumie likizo yako vizuri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba hupata siku tatu za malipo, nazo huchukuliwa ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Siku hizo tatu ni za kuwa na mama na mtoto, lakini nusu siku moja itoe kwa makaratasi. Mama aliyefanyiwa upasuaji hapaswi kupanda bodaboda kwenda kufuatilia cheti. Kazi hii ni ya baba. Asipokuwepo baba, dada au shemeji atumwe akiwa na nakala zote kwenye bahasha.

Walio kwenye kampuni binafsi waangalie dirisha la kuongeza watu. Mikataba mingi hutoa muda mfupi baada ya harusi au kuzaliwa mtoto, na ukipita unasubiri mkataba wa mwaka unaofuata. Muda huo umeandikwa kwenye mkataba, na afisa rasilimali watu anaujua. Mwambie akuandikie kwa barua pepe, uwe nao kwa maandishi.

Watumishi walio mbali na makao makuu ya halmashauri wana mzigo wa ziada. Mwalimu wa shule ya pembezoni hulala njiani ili afike kwa afisa utumishi. Asiende na karatasi moja. Apige simu kwanza, asomewe orodha kamili, ndipo apange safari moja itakayomaliza la cheti, la picha na la fomu kwa pamoja. Mwalimu mkuu anayekwenda wilayani kwa kikao anaweza kubeba fomu za wenzake wote.

Fomu kupokelewa bado si bima

Wengi husimama hapa. Fomu imepokelewa, wanashukuru, wanaondoka. Lakini fomu inaweza kulala kwenye trei ya mtu aliyekwenda likizo. Unapoikabidhi, baki na nakala iliyogongwa muhuri wenye tarehe. Baada ya wiki mbili uliza. Ukiambiwa imeingia, thibitisha mwenyewe: mpeleke mtoto kwenye huduma ndogo isiyo ya haraka, au pita kituoni uombe mhudumu akutazamie kama jina linaonekana na kama liko hai. Likikosekana una muda wa kurudi ofisini. Mali bila daftari hupotea bila habari, na haki ya matibabu nayo ni mali.

Orodha yako ipitie tena kila mwaka. Mtoto aliyetimiza miaka 18 na anaendelea na masomo apelekewe uthibitisho wa shule au chuo. Akimaliza umri, mtafutie mpango mwingine kabla kadi haijakataliwa, maana vyuo vingi huwaandikisha wanafunzi wao kwa utaratibu wao. Mtegemezi akifariki au ndoa ikivunjika, toa taarifa ili nafasi hiyo apewe mwingine. Ukibadili kazi, uliza bima ya zamani inaisha tarehe gani na mpya inaanza lini, kisha upeleke vyeti vyote upya kwa mwajiri mpya. Majina hayahami yenyewe.

Neno la dhati kuhusu kuazimana kadi. Mtoto wa jirani anaugua, wako wana umri uleule, na kadi ipo. Huruma inasukuma, nami naielewa. Lakini kumtibu mtu kwa jina la mwingine ni udanganyifu unaoweza kukufungia uanachama na kukufikisha mbele ya mwajiri na ya sheria. Zaidi ya hapo ni hatari kwa watoto wote wawili. Kundi la damu la mmoja na mzio wa dawa wa mmoja vinaandikwa kwenye faili la mwenzake, na siku ya dharura daktari atalisoma faili hilo akiamini ni la kweli. Msaidie jirani kwa fedha, kwa usafiri, au kwa kumwelekeza namna ya kujiandikisha.

Walio nje ya Tanzania Bara

Wafanyakazi wa Zanzibar wana mfuko wao, Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar (ZHSF), na maswali ya kuuliza ni yaleyale. Kenya, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF ya huko tarehe 1 Oktoba 2024, na mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote kabla ya makato. Huko pia kukatwa mshahara hakumwandikishi mwenza wala mtoto. Kama uliwahi kuwaandika kwenye mfuko wa zamani, ingia kwenye akaunti yako uhakikishe kila jina lipo. Aliye na bima ya ziada ya mwajiri awaandikishe kote kuwili.

Kwa maafisa utumishi

Nanyi mnaoshika orodha hizi, mna nafasi ya kuokoa watu bila gharama kubwa. Bandikeni kwenye ubao wa matangazo karatasi moja inayosema nani anaandikishwa, kwa nyaraka gani na ndani ya muda gani. Mfanyakazi anapoomba likizo ya uzazi, mpeni fomu ya bima siku hiyohiyo. Mgeni anaporipoti kazini, msimwachie ajaze jina lake tu na kuondoka. Mfanyakazi ambaye mtoto wake ametibiwa bila kukopa hurudi kazini akiwa ametulia.

Wewe msomaji, wiki hii fanya mambo matatu. Omba ofisini chapisho la majina yaliyo kwenye bima yako sasa hivi. Lilinganishe na watu unaowalea. Kisha kwa kila jina linalokosekana, andika karatasi inayopungua na tarehe utakayoifuata. Fedha ya bima imeshakatwa, na itakatwa tena mwisho wa mwezi. Hakikisha kila unayemlea na mwenye haki ya kuingia kwenye orodha hiyo ameandikwa.